Kurasa za KB 4, THP au kurasa za akiba: uchague ipi kupunguza mzigo wa majedwali ya kurasa kwenye Linux?

Umefungua /proc/meminfo kwenye seva yenye hifadhidata kubwa, ukashuka hadi mstari wa PageTables, ukakuta GB kadhaa. Hiyo si data ya mtu yeyote. Ni ramani tu: majedwali ambayo kerneli, kiini cha mfumo endeshi, inayatunza ili kichakataji kijue anwani fulani ya mchakato iko wapi kwenye RAM. Ramani ikianza kula kumbukumbu kuliko baadhi ya programu zenyewe, au vipimo vikionyesha kichakataji kinatumia muda mwingi kusoma ramani kuliko kufanya kazi, ndipo linapokuja swali lililokuleta hapa. Uache kurasa za kawaida za KB 4, yaani vipande ambavyo kumbukumbu hugawanywa? Uwashe THP (Transparent Huge Pages), ambapo kerneli hutoa kurasa kubwa yenyewe? Au utenge kurasa kubwa mwenyewe, yaani kurasa za akiba?

Wengi hulijibu kwa kunakili mstari mmoja kutoka kwenye mwongozo wa hifadhidata fulani na kuubandika kwenye kila seva waliyo nayo. Jambo hili linanisumbua, kwa sababu mstari ule ule unaookoa mashine moja unaweza kuitesa nyingine. Nikizitazama njia hizi tatu kwa karibu, naona zinatofautiana kwa jambo moja kubwa: nani anajua mapema kumbukumbu itatumikaje. Kwa kurasa za KB 4, hakuna anayelazimika kujua. Kwa THP, kerneli inakisia, au programu inaidokeza. Kwa kurasa za akiba, wewe msimamizi unatoa ahadi kabla kazi haijaanza. Ukishajua ni nani kati ya hao watatu mwenye taarifa sahihi kwenye mfumo wako, nusu ya uamuzi imekwisha.

Nazungumzia Linux kwenye x86-64, na ARM64 nitaigusa kwa ufupi.

Ramani inavyosomwa

Tuanze hapa, maana kila kigezo kinatokana na hesabu hii. Anwani pepe ya biti 48 hukatwa vipande vitano: biti 9 mara nne, kisha biti 12 za mwisho. Kila kipande cha biti 9 huchagua ingizo moja kati ya 512 kwenye jedwali la ngazi yake, na Linux inaziita ngazi hizo PGD, PUD, PMD na PTE. Biti 12 zilizobaki zinasema uko baiti ya ngapi ndani ya ukurasa. Ingizo moja ni baiti 8, kwa hiyo jedwali zima ni baiti 4096, sawasawa na ukurasa mmoja wa KB 4. Vichakataji vipya vinaweza kuongeza ngazi ya tano, P4D, na kufikisha anwani biti 57, lakini mantiki ni ile ile.

Kushuka ngazi nne maana yake ni kusoma kumbukumbu hadi mara nne kabla hujaigusa data yenyewe. Ili safari hiyo isirudiwe kila mara, kichakataji huhifadhi tafsiri za karibuni kwenye kache ndogo iitwayo TLB. Ndogo kweli: Skylake ya Intel, iliyotoka 2015, ina nafasi 1536 kwenye TLB yake ya ngazi ya pili. Zidisha 1536 kwa KB 4, unapata MB 6. Programu inayorukaruka ndani ya GB 50 za data ina dirisha la MB 6 tu ambamo tafsiri iko tayari. Nje ya hapo, ni safari ya ngazi tena.

Ukurasa wa MB 2 huikatisha safari kwenye PMD. Jedwali la PTE halipo kabisa, na zile nafasi 1536 sasa zinafunika GB 3. Ukurasa wa GB 1 huikatisha mapema zaidi, kwenye PUD, ingawa kwenye Skylake hiyo hiyo nafasi za TLB ya ngazi ya pili kwa kurasa za GB 1 ni 16 tu.

Vigezo tutakavyopimia

Vinne. Kwanza, kasi ya kutafsiri anwani, yaani TLB inafunika kiasi gani na safari ni ndefu kiasi gani. Pili, kumbukumbu inayoliwa, ikiwa ni pamoja na majedwali yenyewe na nafasi inayotengwa bila kutumika. Tatu, ucheleweshaji wa ghafla: ombi moja kati ya maelfu linalokwama bila sababu inayoonekana. Nne, kazi inayobaki mikononi mwa msimamizi. Kigezo cha tatu ndicho kinachosahaulika sana, na ndicho kinachowaamsha watu usiku.

Njia ya kwanza: kurasa za KB 4, kama zilivyo

*Kasi ya kutafsiri.* Ndiyo ya chini kuliko zote kwa programu yenye data kubwa iliyotawanyika. Lakini programu nyingi haziko hivyo. Seva ya wavuti yenye michakato midogo, zana za mstari wa amri, huduma inayosoma data kwa mfululizo: hizi hazikosi TLB mara nyingi kiasi cha kuhisiwa. Hata safari yenyewe si lazima ifike RAM kila mara, kwa sababu maingizo ya ngazi za juu yana kache zake ndani ya kichakataji, na yale ya chini mara nyingi yako kwenye kache za kawaida.

*Kumbukumbu.* Hapa pana pande mbili, na ni vizuri kuzitenganisha. Kwa upande wa data, KB 4 ni makini mno: unagusa KB 4, unapewa KB 4. Kwa upande wa ramani, kila GB 1 ya kumbukumbu inahitaji maingizo 262,144, yaani MB 2 za majedwali ya PTE, *kwa kila mchakato*. Maneno hayo matatu ndiyo yenye sumu. Chukua hifadhidata yenye GB 64 za kumbukumbu ya pamoja na michakato 200 ya wateja. Kila mchakato ukigusa eneo lote kadiri siku zinavyokwenda, unajenga majedwali yake ya MB 128. Zidisha kwa 200: GB 25 za ramani tupu, zote zikielekeza kwenye GB 64 zile zile. Data ni ya pamoja. Ramani si ya pamoja. Mashine inaweza kuishiwa RAM bila mtu yeyote kuongeza data hata baiti moja.

*Ucheleweshaji wa ghafla.* Hapa KB 4 inastahili heshima. Kugusa ukurasa mpya ni kufuta KB 4 na kujaza ingizo moja; kazi ndogo, ya kutabirika. Tangu toleo la 6.4 la mwaka 2023, kerneli inaweza kushughulikia miguso hiyo ya kwanza kwa kufunga eneo moja tu la kumbukumbu badala ya kuufungia mchakato mzima, na hiyo ni nafuu kubwa kwa programu zenye nyuzi nyingi. Gharama inajitokeza kwenye fork(), yaani mchakato unapojinakili kuunda mtoto: mchakato wenye GB 64 za kumbukumbu binafsi una maingizo zaidi ya milioni 16 ya kunakiliwa, na muda huo wote mzazi amesimama akisubiri.

*Kazi ya msimamizi.* Hakuna.

*Inamfaa nani.* Mwenye mashine ya matumizi mchanganyiko, kontena nyingi ndogo ndogo, RAM finyu, au programu ambayo ombi lake la polepole zaidi lina uzito kuliko wastani. Pia inamfaa yeyote ambaye bado hajapima.

Njia ya pili: THP, kurasa kubwa za kimyakimya

THP iliingia kwenye Linux 2.6.38 mwaka 2011, kazi ya Andrea Arcangeli. Wazo lake ni zuri: programu isijue lolote, kerneli yenyewe itoe kurasa za MB 2 pale inapowezekana. Kuna milango miwili. Programu ikigusa eneo lililopangwa vizuri kwa mara ya kwanza, kerneli hujaribu kuipa MB 2 papo hapo. Kisha uzi wa nyuma uitwao khugepaged hupitapita ukitafuta kurasa ndogo 512 zilizo jirani ili uziunganishe kuwa moja.

Swichi yake iko /sys/kernel/mm/transparent_hugepage/enabled, nayo ina hali tatu: always, madvise na never. Tofauti kati ya mbili za kwanza ni kubwa kiasi kwamba ningezihesabu kama njia mbili tofauti. Kwenye always, kerneli inakisia kwa ajili ya kila mtu. Kwenye madvise, inangoja programu iseme, kupitia MADV_HUGEPAGE, kwamba eneo hili litatumika kwa wingi. Hapo aliyeandika programu ndiye mwenye taarifa, na mara nyingi anazijua data zake kuliko kerneli inavyoweza kukisia.

*Kasi ya kutafsiri.* Ukipata kurasa za MB 2, unapata faida yote ya MB 2. Neno zito ni "ukipata". Mashine iliyowaka miezi mingi huwa na RAM iliyomegeka vipande vipande. MB 2 zilizoshikana, zinazoanza mahali panapostahili, zinaweza zisipatikane. Kerneli hapo hurudi kwenye KB 4 bila kumwambia mtu. Linganisha thp_fault_alloc na thp_fault_fallback kwenye /proc/vmstat. Ya pili ikipanda kwa kasi, unadhani una THP lakini huna.

Jambo lingine ambalo nimeona likiwapoteza hata wazoefu: swichi ile ya enabled inahusu kumbukumbu binafsi ya mchakato. Kumbukumbu ya pamoja ina swichi yake, shmem_enabled, ambayo kwa kawaida huwa never. PostgreSQL huweka shared_buffers kwenye kumbukumbu ya pamoja. Kwa hiyo mtu anaweza kuweka always, akaanzisha hifadhidata upya, akasubiri PageTables ipungue, na isipungue hata kidogo. Ule mfano wa GB 25 hapo juu hauponi kwa enabled peke yake.

*Kumbukumbu.* Majedwali hupungua. Data inaweza kuvimba. Programu inayogusa KB 4 hapa, KB 4 kule, kila moja ndani ya MB 2 yake, inaweza kujikuta imepewa mara 512 ya ilichohitaji. Na khugepaged huweza kuchochea: kigezo chake max_ptes_none kwa kawaida ni 511, maana yake iko tayari kuunda ukurasa wa MB 2 hata pale ambapo ni ukurasa mdogo mmoja tu kati ya 512 uliotumika. Kigawaji cha kumbukumbu kinachorudisha vipande vidogo kwa kerneli kinaweza kuona kazi yake ikifutwa: kinarudisha, khugepaged inajaza tena. Ukilazimika kubaki na always, shusha max_ptes_none kwanza kabla ya kitu kingine. Toleo la 6.12 la mwaka 2024 limeleta njia ya kuzivunja kurasa kubwa zilizojaa sufuri RAM inapobana, na hiyo imepunguza makali ya tatizo hili.

*Ucheleweshaji wa ghafla.* Hapa ndipo sifa ya THP ilipochafuka, na inafaa kuona ni kwa nini hasa. Kugusa ukurasa mpya sasa ni kufuta MB 2. Mashine inayofuta GB 10 kwa sekunde itatumia takriban mikrosekunde 200 kwa mguso huo mmoja. Hilo bado linavumilika. Lisilovumilika ni pale MB 2 zilizoshikana zinapokosekana na kerneli ikaamua kuhamisha kurasa za wengine papo hapo ili kupata nafasi, huku uzi wako umesimama. Faili iitwayo defrag, jirani wa enabled, ndiyo inayoamua hilo. Thamani ya always inaruhusu uhamishaji wa papo hapo kwa kila mtu. Defer inaiachia kazi hiyo nyuzi za nyuma. Madvise inawaruhusu kusubiri wale tu walioomba. Ukitazama compact_stall kwenye /proc/vmstat na kuona namba inapanda sambamba na malalamiko ya watumiaji, umempata mhalifu.

Kisha kuna suala la fork. Redis kwa miaka mingi imewashauri watumiaji wazime THP, na sababu ilikuwa wazi: Redis huhifadhi picha ya data kwa kufanya fork, na mzazi akiandika baiti moja, kerneli ilikuwa inanakili MB 2 nzima. Tangu kerneli 5.8 ya mwaka 2020 tabia hiyo ilibadilishwa kwa kumbukumbu binafsi: ukurasa mkubwa hupasuliwa kwenye ramani na kinachonakiliwa ni KB 4. Fork yenyewe, kwa upande mwingine, huwa nyepesi zaidi ikiwa kurasa ni kubwa, maana maingizo ya kunakili ni machache. Kwa hiyo ushauri wa zamani ulikuwa sahihi kwa kerneli za zamani. Kwa mpya, pima mwenyewe kabla ya kuurudia. MongoDB ni mfano wa wazi wa jinsi ushauri unavyogeuka: matoleo ya nyuma yalisema zima THP, na kuanzia 8.0, baada ya kigawaji chake cha kumbukumbu kuboreshwa, linasema iwashe.

*Kazi ya msimamizi.* Ndogo kuanza, ya kudumu kufuatilia. Kwa madvise, kazi nyingine iko kwa programu: JVM, inayoendesha programu za Java, ina -XX:+UseTransparentHugePages, na glibc, maktaba ya msingi ya C, tangu 2.35 inaweza kuomba kurasa kubwa kwa malloc yote (kumbukumbu ambayo programu huomba) ukiweka glibc.malloc.hugetlb=1 kwenye GLIBC_TUNABLES. Mchakato usiotaka kabisa unaweza kujitoa kwa prctl na PR_SET_THP_DISABLE.

*Inamfaa nani.* Kwa always: kazi za hesabu kubwa, uchambuzi wa data, mashine pepe, programu zinazotenga kumbukumbu nyingi mara moja na kuitumia yote. Kwa madvise: karibu kila seva yenye programu moja au mbili nzito pamoja na nyingi nyepesi.

Neno moja kuhusu kinachokuja. Tangu kerneli 6.8 ya mwaka 2024, THP si lazima iwe MB 2. Unaweza kuruhusu saizi za kati, kwa mfano KB 64, kila moja ikiwa na faili yake ya enabled. Hazipunguzi ngazi za safari, maana bado zinatumia PTE, lakini hupunguza idadi ya miguso ya kwanza na hazivimbishi kumbukumbu kama MB 2. Kwenye ARM64 faida ni kubwa zaidi, kwa sababu kichakataji kinaweza kuweka kurasa 16 jirani kwenye nafasi moja ya TLB.

Njia ya tatu: kurasa za akiba, hugetlb

Hapa unaiambia kerneli: hizi MB au GB kadhaa, ziweke pembeni kama kurasa kubwa, usimpe mtu mwingine. Unaandika vm.nr_hugepages, au unaweka hugepagesz=1G hugepages=16 kwenye mstari wa kuwasha kerneli. Programu lazima izitake kwa jina, kupitia MAP_HUGETLB, SHM_HUGETLB au faili ndani ya hugetlbfs. Isiyozitaka haizipati.

*Kasi ya kutafsiri.* Ya juu kuliko zote, na ya uhakika. Ni njia hii pekee inayokupa kurasa za GB 1 kwa kumbukumbu ya kawaida ya programu. Kwa mashine pepe faida huzidi, kwa sababu kila hatua ya safari ya mgeni (mashine pepe yenyewe) inahitaji safari nyingine ya mwenyeji (mashine halisi inayoibeba): ngazi nne juu ya ngazi nne zinaweza kufika visomo 24 kwa anwani moja. Pande zote mbili zikitumia MB 2, hesabu inashuka hadi 15. Upande mmoja tu ukiwa na kurasa kubwa, faida ni nusunusu.

*Kumbukumbu.* Turudi kwenye ile hifadhidata ya GB 64 na michakato 200. Kwa kurasa za MB 2, eneo lote ni maingizo 32,768, yaani KB 256 kwa mchakato. Kwa michakato 200 ni MB 50. Kutoka GB 25 hadi MB 50. Na hata hizo zinaweza kupungua, kwa sababu hugetlb huruhusu michakato kushirikiana jedwali la PMD pale eneo la pamoja linapopangwa kwa mpaka wa GB 1. Kuna akiba nyingine isiyozungumzwa sana: kerneli hutunza rekodi ya baiti 64 kuhusu kila ukurasa wa KB 4, hivyo GB 64 zinagharimu GB 1 ya rekodi hizo. Tangu 5.14, ukiwasha hugetlb_free_vmemmap=on, sehemu kubwa ya GB hiyo inarudishwa kwa kurasa zilizo kwenye akiba.

Hasara yake ni ugumu. Ulichotenga kisipotumika, kimelala. Hakihamishiwi diski, hakiwi kache ya faili, hakimsaidii mtu. Ukitenga GB 64 na hifadhidata ikashindwa kuzichukua kwa sababu zimepungua kwa MB chache, itaanza na KB 4 za kawaida juu ya RAM iliyobaki, na mashine itakuwa na GB 64 zimefungwa kabatini. Hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na dalili yake ni rahisi kuisoma: HugePages_Free ni karibu sawa na HugePages_Total wakati hifadhidata inafanya kazi, na HugePages_Rsvd ni sufuri.

*Ucheleweshaji wa ghafla.* Hakuna uhamishaji, hakuna khugepaged, hakuna kukisia. Mguso wa kwanza bado unafuta ukurasa mzima, lakini programu nyingi huyagusa maeneo yake mapema wakati wa kuanza. JVM ina -XX:+AlwaysPreTouch kwa kazi hiyo. Hatari iko kwingine: kurasa zikiisha pale ambapo hazikuwekewa nafasi, kwa mfano mchakato uliofanya fork ukaandika kwenye eneo binafsi, mtoto anaweza kupigwa SIGBUS na kufa. Kerneli hapa haina njia ya kurudi kwenye KB 4.

*Kazi ya msimamizi.* Nyingi. Lazima ujue idadi. PostgreSQL 15 na kuendelea inakuhesabia: endesha postgres -D $PGDATA -C shared_memory_size_in_huge_pages huku seva imezimwa. Kisha weka huge_pages = on badala ya try ya kawaida. Kwa try, ikizikosa inaendelea kimya na KB 4. Kwa on, inakataa kuanza, nawe unajua siku hiyo hiyo. Kwa Oracle, kumbuka kwamba usimamizi wa kumbukumbu kupitia MEMORY_TARGET hauendani na kurasa hizi, na Oracle yenyewe kwa miaka mingi imeshauri THP izimwe zinapotumika. Tenga mapema, mashine inapowaka, kabla RAM haijamegeka. Kwenye mashine yenye nodi kadhaa za NUMA (vikundi vya vichakataji, kila kimoja na RAM yake ya karibu), kerneli hugawanya idadi kwa nodi, hivyo hakikisha zimeangukia unakozihitaji. Kwenye Kubernetes, hugepages-2Mi ni rasilimali ya kujitegemea, na kiasi unachoomba lazima kilingane na kikomo.

*Inamfaa nani.* Hifadhidata yenye kumbukumbu ya pamoja ya saizi inayojulikana na michakato mingi. DPDK (zana za kushughulikia pakiti za mtandao kwa kasi) na kazi za mtandao zinazohesabu mikrosekunde. Mwenyeji wa mashine pepe ambaye RAM yake imegawanywa rasmi. Haimfai mwenye mashine ambayo matumizi yake hubadilika kila wiki.

Na kubadilisha ukurasa wa msingi wenyewe?

Kwenye x86-64 huna chaguo. Msingi ni KB 4. Kwenye ARM64 unaweza kuendesha kerneli ya KB 16 au KB 64. Ni faida kwa kila programu bila kuibadilisha, lakini kila faili dogo linalosomwa hula angalau ukurasa mmoja wa kache, na programu zilizokompailiwa kwa kudhani KB 4 zinaweza kugoma kuanza. Android 15 imefungua mlango wa KB 16, na waandishi wa programu zenye maktaba za C na C++ wamelazimika kuzikompaili upya. Ichukue njia hii pale tu unapodhibiti kila kilichomo kwenye mashine.

Kulingana na hali yako

Kabla ya yote, pata namba mbili. Ya kwanza ni PageTables kwenye /proc/meminfo, na VmPTE kwenye /proc/PID/status kwa mchakato mmoja mmoja. Ya pili ni perf stat -e dTLB-loads,dTLB-load-misses kwa dakika chache za kazi halisi, si ya majaribio. Zote mbili zikiwa ndogo, acha kila kitu kilivyo na utafute tatizo lako mahali pengine.

PageTables ni kubwa na michakato ni mingi juu ya kumbukumbu ya pamoja: kurasa za akiba. Kabla ya hapo, angalia pia kama michakato yote 200 inahitajika kweli. Kuweka kikusanya miunganisho (kinachowafanya wateja wengi washiriki miunganisho michache) mbele ya hifadhidata hupunguza majedwali bila kugusa kerneli.

PageTables ni ndogo lakini TLB inakosa sana, na programu ni moja yenye data nyingi binafsi: THP kwa madvise, programu iiombe yenyewe. Kama huwezi kuibadilisha programu, jaribu GLIBC_TUNABLES kabla ya kuwasha always kwa mashine nzima.

Programu inafanya fork mara kwa mara ili kuhifadhi picha ya data: tazama toleo la kerneli kwanza. Chini ya 5.8, KB 4. Juu ya hapo, jaribu madvise kwa mzigo wako mwenyewe na upime ombi la polepole zaidi kati ya elfu, si wastani.

Kontena nyingi za watu mbalimbali kwenye mashine moja: madvise kwa enabled, na defer+madvise kwa defrag, ili asiyeomba asisubiri kwa ajili ya aliyeomba.

Unaendesha mashine pepe: kurasa za akiba kwa mwenyeji kama RAM imegawanywa kwa ahadi, THP kama unagawa zaidi ya uliyonayo. Ndani ya mgeni, fanya uamuzi upya kana kwamba ni seva nyingine.

Na kama umerithi seva ambayo tayari ina mipangilio usiyojua ilitoka wapi, andika thamani zote za sasa, rudisha kitu kimoja kwa wakati, na uache kipite angalau mzunguko mmoja kamili wa kazi, pamoja na ule wa kuhifadhi nakala usiku, kabla ya kugusa kinachofuata.